Hivi yule sokwe wa Tarzan aliyestaafia Palm Springs ni yeye kweli, au tumepigwa?

#1 Mtoto wa Ujiji (mleta mada)
Habari za jioni wadau.

Marehemu baba alikuwa mpenzi kupita kiasi wa filamu za Tarzan, yule mzungu wa msituni aliyechezwa na Johnny Weissmuller, pamoja na Jane wake na sokwe wao Cheeta. Alikuwa akituambia: "Johnny Weissmuller keshakufa, Jane keshakufa, amebaki Cheeta peke yake, yuko Marekani anakula pensheni." Ndani ya Biblia yake alikuwa na kipande cha gazeti chenye picha ya sokwe mzee kashika brashi ya rangi. Tulikua tukiamini hivyo, na mimi nimeshawasimulia wanangu.

Juzi nikaanza kutafuta habari zake, nikachanganyikiwa. Yuko sokwe wa Palm Springs, ule mji wa mapumziko jangwani Kalifonia walikostaafia waigizaji wengi wa zamani. Alisemwa kazaliwa 1932, kitabu cha rekodi cha Guinness kikamwandika kuwa ndiye mkongwe wa jamii yake, na mwaka 1995 mji ukamwekea nyota yake barabarani kama wanavyowekewa waigizaji wengine. Halafu Desemba 2011, kituo kimoja cha kulelea sokwe huko Palm Harbor, Florida, kikatangaza kwamba Cheeta wa Tarzan amefariki tarehe 24 mwezi huo kwa maradhi ya figo akiwa na miaka 80 hivi. Siku hiyo yule wa Palm Springs yu hai na anachora!

Mmoja hawezi kufa Florida na huku anakula ndizi Kalifonia. Baba alikuwa anamzungumzia nani?

#2 Kaka Mvuvi
Nimewahi mkeka wa mbele. Ila mkuu, nyani mwenye pensheni? Baba mkwe kastaafu ualimu, mpaka leo anazungushwa na mafao yake.

#3 Bi Saumu wa Kizingo
Nyani tena! Kaka Mvuvi, nyani ana mkia na pua ndefu kama mbwa, ndiye anayekula mahindi ya watu. Sokwe hana mkia. Tumbili ni yule mdogo anayeiba mkate hotelini, kima ni mweusimweusi wa msituni, mbega ana koti jeupe mabegani. Watu wa pwani tunawajua mmoja mmoja. Haya, endeleeni.

#4 Kaka Mvuvi
Samahani dada, nimekoma. Lakini methali ni ya nyani: ukiona nyani mzee ujue amekwepa mishale mingi. Huyu wa miaka 80 atakuwa amekwepa mizinga.

#5 Mzee wa Avalon
Nimeziona filamu hizo pale sinema ya Avalon, Dar es Salaam, nikiwa kijana. Weissmuller alicheza Tarzan mara 12, kuanzia 1932 hadi 1948. Kabla ya hapo alikuwa mwogeleaji, ana dhahabu tano za Olimpiki, za 1924 na 1928. Ndiyo maana kila picha lazima aruke mtoni, hata kama hakuna cha kumrusha.

Lenye kuwahusu ninyi vijana ni hili: msitu ule haukuwa Afrika. Walikuwa Kalifonia, mara nyingine Florida. Tembo waliotumia ni wa Bara Hindi, wakawavalisha masikio ya bandia ili wafanane na wa kwetu. Mtazame vizuri tembo anapotikisa kichwa, sikio linachelewa kumfuata. Vipande vya Afrika ya kweli mnavyoviona kwenye ile ya 1932 ni masalia ya picha nyingine ya kampuni hiyohiyo, iliyopigwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Kongo miaka mitatu hivi nyuma. Sasa kama tembo tu walimvalisha masikio, kwa nini sokwe wawe na mmoja wa kudumu? Walikuwa wengi. Wa mwanzo aliitwa Jiggs, na huyo alikufa 1938.

#6 Shemeji Nakuru
Wasee, mimi kilichokuwa kinanimaliza ni ile "umgawa". Tarzan anamwambia ndovu "umgawa", ndovu anapiga magoti. Anawaambia watu "umgawa", wanakimbia. Anamwambia Cheeta "umgawa", Cheeta analeta kisu. Kwenye kibanda cha video tulikuwa tunajibu kwa pamoja: "Tumgawe nani?"

#7 Bi Saumu wa Kizingo
@Shemeji Nakuru 😂 Neno hilo si Kiswahili wala si lugha ya mtu. Na hilo jina Cheeta mmelitafakari? Kwa Kizungu ni duma, na wao wamelitoa kwenye Kihindi. Sokwe wa Kiafrika kapewa jina la paka kwa Kihindi. Kwenye vitabu vyenyewe vya Tarzan Cheeta hayumo. Rafiki wa Tarzan mle ni mnyama mdogo aitwaye Nkima. Burroughs, mtunzi wa vitabu hivyo, alikaribia kweli kutuandikia kima wetu.

#8 Mbeba Box Riverside
Salaam. Niko saa moja na ushee kutoka Palm Springs, nimepita huko mara nyingi na mizigo. Mji wenyewe uko kilomita kama 170 mashariki ya Los Angeles. Kiangazi joto linapita nyuzi 45, unashika mlango wa gari kwa kanga. Nyota za barabarani zipo chini ya miguu yako, watu wanazikanyaga wakienda kula aiskrimu. Za waigizaji, waimbaji, na ya sokwe imo humohumo. Kule Hollywood maombi ya kumwekea nyota yalikataliwa, ila Palm Springs walimkubali.

Maisha yake ya uzeeni yalikuwa hivi: alikuwa akikaa nyumba ya kawaida ya mtaani, na mlezi wake aliyerithi kazi hiyo kutoka kwa mkufunzi wa zamani aitwaye Tony Gentry. Alikuwa na kisukari, akaangaliwa chakula. Alipenda kupakiwa kwenye gari kutembezwa, kupigapiga kinanda, na kuchora. Michoro yake wageni walipewa wakichangia gharama za kumtunza. Mwaka 2006 tamasha la filamu za vichekesho la Peñíscola, Uhispania, likampa tuzo. Mimi namwamini. Mji mzima hauwezi kudanganywa.

#9 Msoma Magazeti
@Mbeba Box, mji mzima ulidanganywa. Mwandishi R. D. Rosen alipewa kazi ya kuandika maisha ya sokwe huyo. Akaanza na hadithi ya Gentry: kwamba mwaka 1932 alimtoa Liberia akiwa mchanga, akamficha ndani ya koti kwenye ndege ya Pan Am kuvuka Atlantiki. Rosen akauliza swali dogo tu: Pan Am ilianza lini kuvusha abiria Atlantiki? Jibu ni 1939.

Hapo kila kitu kikaanza kumomonyoka. Akatazama picha zote upya, akahoji waliokuwa wakifuga sokwe wa filamu, na mwaka 2008 akaandika kwenye gazeti la Washington Post kwamba sokwe wa Palm Springs alizaliwa karibu na 1960. Weissmuller alimaliza Tarzan 1948. Hesabu wenyewe.

#10 Kaka Mvuvi
Uuuwi. Yaani kastaafu kazi ambayo hakuwahi kuajiriwa.

#11 Mtoto wa Ujiji (mleta mada)
@Msoma Magazeti ahsante, ingawa umeniumiza. Kwa hiyo wa Florida ndiye wa kweli?

#12 Msoma Magazeti
Sijasema hivyo. Wa Florida walisema walimpata karibu na 1960 kutoka makazi ya Weissmuller. Walipoulizwa karatasi, wakasema ziliungua kwenye moto wa 1995. Bila karatasi utamwamini nani? Yule walimsifu kwamba alipenda kuchora kwa vidole, kutazama mpira wa Kimarekani, na kutulizwa kwa nyimbo za dini. Akiudhika na mtu anamrushia kinyesi. Wengi walimpenda, hilo silipingi.

#13 Shemeji Nakuru
Karatasi ziliungua 😂😂 Hiyo naijua, ni ya kila ofisi ya ardhi.

#14 Bwana Mifugo
Ndugu wachangiaji, tusikimbilie kusema miaka 80 haiwezekani. Huko Florida kwenye hifadhi ya Lion Country Safari aliishi sokwe jike akiitwa Little Mama. Alikufa Novemba 2017, na alikadiriwa kuzaliwa 1938. Jane Goodall mwenyewe, yule mtafiti wa sokwe, alishiriki kumkadiria. Porini sokwe akifika 50 ni bibi kizee, ila kwa matunzo ya binadamu wachache wanavuka mbali sana.

Tatizo ni umri unavyojulikana. Ng'ombe nikimfungua kinywa naona meno mawili makubwa ya mbele, nakwambia ana miaka miwili hivi. Akishajaza kinywa, kwenye minne mitano, hapo nabaki kuangalia meno yalivyolika, na nikikosea miaka mitatu usinilaumu. Sokwe naye magego ya mwisho yanatoka akiwa na miaka 11 au 12. Akishayatoa, mtu akikuambia ana 45 huna pa kumkamatia, na akikuambia 75 huna pia. Tegemeo lako ni maneno ya mwenye mnyama.

#15 Ngazi ya Gombe
Naunga mkono Bwana Mifugo. Nilibeba mizigo ya watafiti wa sokwe kwenye hifadhi ya Gombe, Kigoma, kwa misimu kadhaa. Kule umri unajulikana kwa sababu mtu yupo tangu mtoto anazaliwa, anaandika. Watoto wanapewa majina kwa herufi ya mama: Flo akazaa Faben, Figan, Fifi, Flint. Fifi kazaliwa 1958, akapotea 2004, naye akazaa Freud, Frodo na wengine. Hapo hubishani na mtu.

Sasa niseme la kwangu kuhusu hao waigizaji. Ile picha ya sokwe anacheka meno nje, watu wanaipenda sana. Sokwe akikunja midomo na kuonyesha meno yote ya juu na chini, anaogopa. Siku ya kwanza nilipoiona ilikuwa asubuhi, umande haujakauka, dume mkubwa katoka kwenye kichaka mbele ya dume mdogo. Mdogo akaganda, mkono kaunyoosha mbele kama anaomba sadaka, meno yote nje, na pumzi inamtoka kwa sauti nyembamba. Hakukuwa na kicheko pale. Tangu siku ile tangazo lenye sokwe anayecheka nalizima.

Na ndiyo sababu wanastaafishwa mapema. Akifika miaka saba, minane, nguvu zinamjaa na hakubali kuamriwa. Frodo alikuwa na kilo 50 na ushee tu, na wanaume wazima tulikuwa tunakumbatia mti akipita. Kwa hiyo picha 12 kwa miaka 16 kwa sokwe mmoja haiwezekani, hata kama angeishi miaka 200.

#16 Mzee wa Avalon
Hapo umenena, kijana wangu. Maureen O'Sullivan, aliyecheza Jane, aling'atwa. Binti yake Mia Farrow alisema mama yao hakuwahi kulitaja jina la Cheeta bila kulitukana, maana alikuwa akimng'ata kila akipata nafasi.

#17 Mbeba Box Riverside
Nimesoma yote. Nakubali kuhusu ile ndege. Lakini mlezi wake naona alikuwa mkweli, yeye alirithi mnyama pamoja na hadithi yake. Mjomba akikuachia shamba akakuambia babu alilinunua kwa ng'ombe kumi, utakwenda kuwahesabu?

#18 Msoma Magazeti
@Mbeba Box, hilo nakuunga mkono. Rosen naye hakumwandika mlezi kama tapeli. Mwenye hadithi alikuwa Gentry, naye kafa 1993.

#19 Shemeji Nyali
Jamani, nimecheka halafu nikamkumbuka ngamia wetu.

Pwani ya Nyali kulikuwa na ngamia mmoja akipandisha watalii, ana shada la maua ya plastiki shingoni na zulia jekundu mgongoni. Hoteli jirani wakamweka kwenye bango lao, akawa ndiye nembo ya hoteli. Mwenyewe alikuwa jirani yetu. Wajerumani aliwaambia ngamia huyu kacheza filamu Sahara. Waitaliano, kacheza filamu ya Yesu. Watu wa Nairobi waliokuja Desemba, kacheza tangazo la simu. Kila mtu na bei yake.

Nami nilikuwa nasema ni uongo mtupu, mpaka siku nilipomshika kamba mwenyewe akaenda kuswali. Ngamia kakataa kupiga magoti. Nikavuta, nikambembeleza, nikapiga ulimi kama anavyopiga jirani, wapi! Mama mmoja akainua simu kumpiga picha. Ngamia akasimama wima, akageuza uso upande wa kushoto, akateremsha kope zile ndefu nusu, akatulia. Picha ilipopigwa tu, akashuka magoti polepole, ya mbele kwanza halafu ya nyuma, kama kaambiwa na mtu. Nikarudia na simu yangu, akafanya vilevile. Mara tatu.

Niambieni, huyo kajifunzia wapi?

#20 Kaka Mvuvi
Huyo msanii. Mpe tuzo ya Uhispania.

#21 Bwana Mifugo
@Shemeji Nyali, kajifunzia hapohapo. Kila simu ikiinuka, kinachofuata ni mtu kupanda na mwenyewe kumpigisha magoti. Miaka kumi hivyo, mnyama anaunganisha mwenyewe. Hahitaji mwongozaji wa filamu.

#22 Shemeji Nyali
Na uso wa kushoto je?

#23 Bwana Mifugo
Jua la jioni liko kulia kwake, linamchoma macho.

#24 Bi Saumu wa Kizingo
Nyali jioni jua liko nyuma, upande wa bara. Usitudanganye, Bwana Mifugo, bahari iko mashariki. Itategemea alisimama vipi.

#25 Bwana Mifugo
Dada umenishika. Nasubiri Shemeji atuambie alisimama vipi.

#26 Mpenda Cheo
Naona wote mnakwepa jambo lililo wazi. Cheeta ni cheo. Wala si jina la mtu mmoja, ni kama namba tisa kwenye timu. Jiggs akafa, akaja mwingine, akaja mwingine. Hata huyu wa Palm Springs aliwahi kuitwa Jiggs wa Nne, maana yake wenyewe wa kazi hiyo walikuwa wanarithisha majina. Kwa hiyo wa Florida alikuwa Cheeta, wa Palm Springs alikuwa Cheeta, na wote wako sahihi. Mnauliza "yupi wa kweli" kama mnavyouliza mkuu wa wilaya yupi wa kweli. Wote wamekalia kiti.

#27 Msoma Magazeti
Ungekuwa sahihi kama angekaa kwenye kiti. Namba tisa lazima uwe umevaa jezi. Wa Palm Springs hajaonekana kwenye picha hata moja ya Weissmuller.

#28 Mpenda Cheo
Aliyekuambia huonekani kwenye picha huna kazi ni nani? Alikuwa akipokea wageni, akipiga kinanda, akichora. Alifanya kazi ya Cheeta miaka mingi kuliko Cheeta yeyote.

#29 Ngazi ya Gombe
Hiyo nimeipenda, ingawa siikubali. Sokwe aliyefanyishwa kazi ya kuwa sokwe mwingine hajastaafu. Waliomtunza vizuri nawashukuru, na aliyempa dawa ya kisukari namshukuru zaidi. Lakini wenzake wa damu walikuwa wapi? Sokwe anataka kuchambuliwa manyoya na sokwe mwenzake, saa nzima, kimya. Nimewaona wawili wamekaa chini ya mchikichi, mmoja kalala chali mkono juu, mwenzake anapekua kwapani unywele kwa unywele, midomo inachezacheza kama mtu anayehesabu fedha. Hicho ndicho kustaafu.

#30 Shemeji Nakuru
Ngazi ya Gombe umeniweka sawa. Nilienda Sweetwaters pale hifadhi ya Ol Pejeta, kituo cha kulelea sokwe kilichoanza 1993. Wale wameokolewa kutoka kwa watu, baadhi walikuwa wamefungwa minyororo madukani na majumbani. Kuna mmoja alikuwa anatembea kwa miguu miwili tu, wima kabisa kama askari. Wageni walikuwa wanacheka. Mlinzi akatuambia alifungiwa kizimba chembamba utotoni, hakuwa na pa kuweka mikono. Tulinyamaza wote.

#31 Mzee wa Avalon
Marekani nako tangu 2015 sokwe wa kufugwa nao wamewekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, sawa na wa porini. Kabla ya hapo sheria iliwatenga, ndiyo maana wa matangazo na majumbani walizagaa vile. Hicho kizazi cha kina Cheeta hakitakuwepo tena.

#32 Kaka Mvuvi
Mleta mada kaanzisha uzi kakimbia. Njoo uchukue majibu yako.

#33 Mtoto wa Ujiji (mleta mada)
Nipo, nilikwenda nyumbani Ujiji kumuona mama, nikamwomba ile Biblia. Kipande kipo, katikati ya Ayubu. Sokwe mwenyewe kapiga fulana, brashi mkononi, nyuma yake kuna kitu kama mnazi au mtende. Nikageuza nyuma kutafuta tarehe: nusu ya tangazo la sabuni na matokeo ya mpira, Simba na timu ambayo jina lake limekatwa na mkasi. Tarehe nayo imekwenda na mkasi.

Mama anasema baba alikipata kwa rafiki yake wa Kalemie aliyekuwa akivuka ziwa na dagaa. Hilo la baba kujua ni Palm Springs au Florida, anasema hakuwahi kumtajia mji. Alisema tu "yuko kwake".

#34 Mbeba Box Riverside
Mtende! Palm Springs imejaa mitende. Nilisema mimi.

#35 Msoma Magazeti
Palm Harbor nako ni Palm, ndugu yangu.

#36 Bwana Mifugo
Mleta mada, piga picha ya masikio uiweke hapa. Sokwe hutofautiana masikio kama watu, na wa filamu tunao kwenye picha za zamani tutalinganisha.

#37 Shemeji Nyali
Nami nimempigia jirani wa ngamia. Nimemuuliza kabla ya kuja Nyali alitoka wapi. Kasema mnada wa Garissa. Kisha kaniuliza kwa nini naulizia, nikamwambia tunajadili wanyama waliocheza Tarzan. Kanyamaza kidogo, kasema: "Basi waambie na huyu alikuwemo."

#38 Kaka Mvuvi
😂😂😂 Nimeanguka kwenye kiti.

#39 Mtoto wa Ujiji (mleta mada)
@Bwana Mifugo nimejaribu mkuu. Kainamia mchoro wake, linaonekana sikio moja tu, la kulia, na nusu yake imefunikwa na brashi. Naiweka hapa hivyohivyo.

#40 Bi Saumu wa Kizingo
Mbona anachora kwa mkono wa kushoto?